Vitu vya Mtumba kwenye Meza ya Mchoraji: Mwongozo wa Kuchagua na Kuchora

Mchoraji anayeweza kuchora mkono, ngalawa na kivuli cha mnazi bila kukosea, lakini picha zake zikitundikwa kati ya za wenzake hazitambuliki, hana upungufu wa ufundi. Anachokosa ni upendeleo wake mwenyewe: hajawahi kulazimika kusema hiki nakitaka, kile sikitaki. Walimu na marafiki humwambia achimbe moyoni, achore hisia zake. Ushauri huo una nia njema ila haushikiki, kwa sababu hisia haina umbo la kuwekwa mezani, na mtu anayeambiwa achore huzuni mara nyingi huishia kuchora uso wenye machozi aliouona katika picha ya mwingine. Mwongozo huu unakuelekeza kwingine. Nenda kwa wauza mitumba, kwenye mnada, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chagua vitu vichache vilivyokwisha kutumika. Kaa navyo nyumbani. Vichore tena na tena. Hoja yangu ni kwamba nafsi ya mchoraji hujitokeza kwanza katika anachokichagua na anavyokirudia, na baadaye ndipo hujitokeza katika namna anavyoshika brashi. Kitu cha mtumba kinaifichua nafsi hiyo upesi kuliko kitu kingine chochote unachoweza kukipata kwa bei ndogo.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote ni maisha ya Giorgio Morandi, mchoraji wa Italia aliyezaliwa Bologna mwaka 1890 na kufia huko huko mwaka 1964. Aliishi na dada zake watatu katika nyumba ya via Fondazza, akalala na kuchora katika chumba kimoja, na kuanzia 1930 hadi 1956 alifundisha katika chuo cha sanaa cha mji huo ufundi wa kuchora juu ya bamba la madini na kuchapa picha. Chumba chake kilijaa chupa, mitungi, makopo, mabirika, taa na visanduku, vitu vya kawaida vya nyumbani ambavyo vingi vilikuwa vimekwisha kupita mikononi mwa wengine. Lebo alizibandua. Vingine alivipaka rangi isiyong'aa ili visirudishe mwanga, na chupa kadhaa za kioo alizitia rangi kwa ndani. Vumbi aliliacha litue, maana lilifuta mng'ao na kulainisha kingo. Mezani alitandika karatasi, akaweka alama pale kila kitu kiliposimama, apate kukisogeza kidogo tu na kuona kitu hicho kinawafanya nini majirani zake. Kwa maisha hayo ya chumba kimoja alichora picha zaidi ya 1,300, nyingi zikiwa za vitu vile vile, na mwaka 1957 akapewa tuzo kuu ya uchoraji ya maonyesho ya São Paulo, Brazil. Ndani ya picha hizo za vitu hamna uso wa mtu, hamna hadithi wala bendera. Hata hivyo, aliyeona tano ataitambua ya sita kabla hajasoma jina. Kinachomtambulisha Morandi ni namna anavyovisogeza vitu vikagusana, namna anavyozima rangi mpaka nyeupe na kahawia zinakaribia kuwa kitu kimoja, na namna anavyotuachia utupu mkubwa juu ya meza. Hayo yote ni maamuzi, na aliyaona kwa sababu alikuwa na vitu vya kuyafanyia.

Kwa nini viwe vya mtumba, na si vipya kutoka dukani? Kitu kipya huja kikiwa na sauti ya aliyekitengeneza ili kiuzwe: rangi yake imepigiwa hesabu, lebo yake inapiga kelele, uso wake unang'aa kila upande. Mchoraji ambaye hajawa na uzoefu huishia kunakili tangazo. Bakuli la bati lililopakwa rangi nyeupe na ukingo wa buluu, likishatumika miaka, huwa limebanduka pembeni na chuma cheusi kinaonekana chini. Sufuria ina mabonde. Pasi ya mkaa ina weusi wa moshi usiopatikana kwenye kopo lolote la rangi. Uchakavu huo unakulazimisha uangalie, kwa sababu hujui utakachokikuta. Pili, kitu kilichoacha kazi yake hubaki umbo tu. Chemli isiyo na kioo haiwashiki, redio iliyokufa haisemi, mizani iliyopoteza jiwe lake haipimi. Unapovitazama vitu hivyo, huwazi tena matumizi, unawaza mduara, shingo, kivuli. Tatu ni bei. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapima kwa kilo. Anachouza ni madini, na umbo, ambalo ndilo unalolitaka wewe, halimo kwenye hesabu yake. Kitu ulichokipata kwa bei ya uzito wake unaweza kukipaka chokaa, kukikata au kukifunika kama Morandi alivyofanya, bila kuogopa. Ukinunua chombo cha thamani utakuwa mlinzi wake.

Ukifika sokoni, iwe Karume pale Ilala, Gikomba, Kongowea, Owino ya Kampala au mnada wa wilaya yenu, usiende na orodha. Orodha inakupa kile ulichokwisha kukijua. Zunguka soko zima bila kununua, kisha uone ni kitu gani kinachokurudisha. Kile ulichokirudia mara mbili bila kujua sababu ndicho cha kuchukua. Kama sababu inakuja haraka, kwamba watalii watakipenda, kwamba ni cha kale, kwamba rafiki yako amekichora, kiache. Vitambaa vitafute asubuhi marobota yanapofunguliwa, kabla wanaonunua kwa kuuza tena hawajachambua. Vyuma vitafute kabla mzigo haujapakiwa kwenda kuyeyushwa. Usizidishe vitu tisa, na mimi ningependa uanze na vitano. Wakusanyaji wengi wanaanguka hapa: wanageuza chumba kuwa ghala, na furaha ya kutafuta inachukua nafasi ya kazi ya kutazama. Weka daftari pia, uandike ulivyovikataa. Baada ya safari chache za sokoni daftari hilo litakuonyesha mambo kuhusu jicho lako ambayo hakuna mwalimu angeweza kukuambia: labda unakwepa kila chenye pembe kali, labda vyote ulivyovibeba ni virefu na vyembamba, labda hujawahi kununua chekundu.

Kuna vitu ambavyo hupaswi kuvigusa hata ukivipata kwa bei ya chini kabisa. Vigango vya Wamijikenda ni nguzo za ukumbusho wa marehemu. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo, na baadhi ya makumbusho ya Marekani yamevirudisha Kenya. Vipande vya vyombo vilivyookotwa kwenye magofu ya pwani, mbao zilizong'olewa kwenye nyumba za kale, na chochote kilichotoka kaburini viache vilipo. Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964 na Kenya ina yake ya 2006, lakini hata kusingekuwa na sheria, heshima ingetosha. Picha za familia na barua za watu nazo zina wenyewe. Ukizikuta ndani ya mtoto wa meza uliyoinunua, mrudishie muuzaji au mtafute mwenyewe. Zaidi ya hapo, kuwa mwangalifu na afya yako. Rangi ya zamani kwenye mbao na vyuma inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiikwangue wala kuisugua kwa msasa ndani ya nyumba yenye watoto. Osha kwa maji na kitambaa. Betri zilizovuja zitoe kwenye redio na tochi kabla hazijakuchoma vidole. Kama unashika vyuma vyenye kutu mara kwa mara, hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Sasa meza. Vitabu vingi vya uchoraji viliandikwa Ulaya, navyo vinakuambia uweke meza kwenye dirisha la kaskazini, kwa sababu huko jua halifiki upande huo na mwanga hautikisiki kutwa nzima. Huku kwetu ushauri huo unapotosha. Dar es Salaam, kuanzia karibu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huhamia kusini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, hugawana pande hizo karibu nusu kwa nusu. Dirisha lililo tulivu Juni litakuwa na jua kali Desemba, au kinyume chake. Basi chagua dirisha kulingana na majira, au tundika shuka jeupe jepesi mbele ya dirisha ulilonalo, na uchague saa moja ya siku utakayochora kila mara. Asubuhi na alasiri ndizo saa zinazofaa, kwani kivuli kinalala upande na kukuonyesha unene wa kitu. Adhuhuri vivuli hujificha chini ya vitu na kila kitu huonekana bapa. Zuia mwanga wa pili. Taa ya umeme ikiwaka upande wa pili wa chumba itakupa vivuli viwili, na hutajua ni kipi cha kuamini.

Tandika karatasi nyeupe au ya khaki mezani, weka kitu kimoja tu, zungushia kalamu chini yake kama Morandi, kisha kichore kwa penseli kwa ukubwa wa kiganja. Usitumie rangi bado. Siku nyingine ongeza cha pili, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu vitu viwili vina nafasi kati yao, na nafasi hiyo hakuipanga mtu mwingine ila wewe. Vibananishe, uchore, vitenganishe, uchore, ficha kimoja nyuma ya kingine mpaka ionekane shingo tu, uchore. Angalia ni mpangilio upi unaoufurahia hata kabla hujajua kama picha ni nzuri. Ukifika kwenye rangi, jiwekee mpaka: nyeupe, nyeusi, rangi ya udongo, na rangi moja nyingine iliyomo kwenye mojawapo ya vitu vyako. Rangi za mafuta zikiwa ghali, akriliki au rangi za maji zinatosha kabisa kwa zoezi hili. Chora kwa udogo, kwa sababu picha ndogo inamalizika kabla mwanga haujahama, na unachokihitaji kwa sasa ni wingi wa maamuzi kuliko ukubwa wa turubai.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba kama vitu ndivyo vinavyoongoza, basi picha ni ya vitu, mchoraji ni karani wao tu. Pingamizi hili ni la kweli kiasi cha kustahili jibu refu, na jibu lake namtwika Henri Matisse. Huyu Mfaransa alikulia Bohain, mji wa wafumaji, na maisha yake yote alikusanya vitambaa, vikiwemo vile vya Wakuba wa Kongo. Mwanzoni mwa karne iliyopita alinunua Paris, kutoka kwa muuza vitu vilivyotumika, kitambaa cha pamba chenye maua na vikapu vya rangi ya buluu. Mwaka 1908 kitambaa hicho kilitawala picha yake maarufu ya chumba chekundu, iliyoko leo katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg: mapambo yake yanapanda kutoka mezani hadi ukutani, mpaka hujui meza imeishia wapi. Picha hiyo ilikuwa ya buluu kwanza. Matisse akaifunika kwa nyekundu. Mwaka 1909 kitambaa kile kile kikarudi katika picha nyingine, kwa buluu yake, kikimeza karibu kila kitu kilichokaa juu yake. Linganisha na chumba cha Bologna. Wote wawili walitumia vitu vya bei ndogo vya nyumbani. Mmoja alivinyamazisha hadi vikakaribia kuwa vumbi. Mwingine alikiachia kitambaa kimeze ukuta. Kama vitu vingekuwa vinaamuru, picha zao zingefanana. Kwa kuwa vitu ni vya kawaida na havina madai makubwa, tofauti yote iliyobaki ni ya mchoraji, na ndiyo maana tunaiona waziwazi.

Kwa msomaji wa pwani au bara, somo la Matisse linaangukia moja kwa moja kwenye kanga. Kanga iliyofuliwa mpaka ikapauka ni kitu bora cha kuanzia, lakini ina jambo moja la kuamua mapema: jina lake. Maandishi huvuta jicho kuliko umbo lolote, na mtazamaji akishaanza kusoma ameacha kutazama. Ukiikunja jina likafichika, utabaki na pindo na mji, yaani mpaka na uwanja wake, na huo ni mpangilio kamili wa picha uliokwisha kufanyiwa kazi na msanifu mwingine; amua unaufuata au unauvunja. Ukiliacha jina lionekane, lichore kama umbo la rangi, herufi zilizopinda kufuata mikunjo, na uwe na sababu ya kuliacha. Uamuzi huo mmoja utakufunza zaidi kuliko kuchora kanga kumi zilizotandazwa.

Wapo watakaosema kuchora chupa na mabakuli mezani ni mazoea ya Ulaya, hayatuhusu. Ni kweli kwamba aina hii ya picha, kwa rangi za mafuta juu ya turubai, ilikomaa huko. Lakini kusema jambo lako kwa kupanga vitu vilivyotengenezwa na mikono ya wageni ni desturi kongwe ya Waswahili wenyewe. Nyumba za mawe za Lamu zina safu za vidaka vilivyochongwa ukutani, na ndani yake waliweka sahani na mabakuli yaliyoletwa na vyombo vya baharini. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuna makaburi ya nguzo yaliyopachikwa vyombo vya kauri kutoka China. Aliyejenga kaburi la namna hiyo hakulifinyanga bakuli lake. Alichofanya ni kulichagua, kulitoa katika kazi ya chakula, na kuliweka mahali ambapo litasema juu ya marehemu na ukoo wake. Wapo pia wachoraji waliokipeleka kitu chenyewe chini ya rangi. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya Kongo miaka ya 1970 juu ya magunia ya unga. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alikutana na lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Baganda, wanaokitumia pia kuvika maiti, kikiwa bidhaa katika soko la watalii la Nairobi. Tangu hapo anakitumia badala ya turubai, na matundu na mishono yake anaiacha iingie kwenye picha na kubadili mpangilio. Ukijaribu njia hii, usizibe tundu la kwanza utakalolikuta. Panga picha kulizunguka.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la tumbo. Duka la picha linataka twiga, Mmasai na machweo, na kodi ya nyumba haingoji mtu ajijue. Sikushauri uache kazi inayokulisha. Chora twiga wa mteja kwa ufundi wako wote, halafu tenga saa ile ile ya dirishani kwa vitu vyako, na usichanganye meza hizo mbili. Ila usikubali dai kwamba soko daima linanunua kinachofanana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, namna yake haikuwa na jina bado. Alichukua vifaa rahisi vilivyokuwa karibu, akachagua namna yake, na alipofariki mwaka 1972 namna hiyo ilikuwa na nguvu ya kutosha kubeba jina lake na kulisha wengine kwa zaidi ya nusu karne. Mnunuzi anayetafuta picha ya twiga ana maelfu ya kuchagua na atakupunja bei. Anayetaka picha yako hana pengine pa kwenda.

Nyuma ya kila picha andika tarehe na majina ya vitu vilivyomo. Ukifikisha ishirini, ziegemeze ukutani zote kwa mfuatano wake, kaa mbali, na utafute ulichokifanya mara nyingi bila kuambiwa: upande unaouacha wazi, kitu unachokiweka mbele kila mara, rangi unayoikimbilia, kingo unazozikata. Ulichokikuta hapo kikuze makusudi katika picha zinazofuata. Kisha ondoa kitu kimoja mezani, kile kilichoacha kukushughulisha, na urudi sokoni kutafuta kimoja tu cha kukalia nafasi yake. Na tafadhali usiuze hata moja ya picha hizo ishirini za kwanza, hata ukipata mteja mwenye fedha mkononi; utazihitaji zote, pamoja na zile mbovu, utakapokaa kuzilinganisha na za mwaka unaofuata.